Daktari niliyemwita Fundi wa Breki

Mke wangu atapasuliwa kesho saa tatu asubuhi. Daktari amesema hivyo leo kupitia spika za gari, mama mkwe akiwa kiti cha nyuma.

Tulikuwa tumemficha mama kuwa bintiye anaumwa, kwa sababu ya presha yake.

Hata namba ya daktari nimeihifadhi kama "Fundi wa Breki".

Karibu tufike harusini Kasikeu, simu ikaita garini. Shemeji Mutua, kando yangu, akasoma skrini.

"Fundi wa breki! Tumsikilize, tusije tukafa."

Akapokea.

Daktari akaeleza yote.

Kwetu mama mkwe haongei na mkwewe moja kwa moja. Miaka kumi na moja amenisemesha kupitia Mutua.

Leo ameniambia mimi: "Geuza gari."

Nimegeuza. Kesho saa tatu tutakuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, sote watatu.