Chiriku Aomba Chumvi

Watu walimwita Mama Uji, na hakulichukia jina hilo, maana uji ndio uliomlisha yeye na mwanawe. Tangu ujana wake alikuwa mpishi wa hospitali, kwenye jiko la wagonjwa, na mkono wake ulizoea kupika kwa chumvi ya kunusisha tu. Hata nyumbani mkono ulikuwa ule ule. Wageni wakionja, walitazamana kidogo, kisha macho yakaanza kutembea mezani kutafuta kikopo cha chumvi. Kaka yake, seremala mwenye sikio moja zima na moja bovu, hakuacha kumtania. "Kwa dada yangu," alisema, "ukila unatoka umepona, hata kama hukuja unaumwa."

Mtoto alikuwa naye mmoja tu, binti. Walimpa jina la Chiriku kwa sababu alianza kusema kabla jua halijatoka na usingizi ulimkuta bado yumo katikati ya hadithi. Mtoto huyo alilelewa kwa chakula cha wodini, na chumvi ya mezani hakuijua kabisa. Basi mama yake alipokuwa na zamu za usiku na kulazimika kumwacha kwa watu, alimfundisha neno.

"Ukiwa mahali moyo wako hautulii, na huwezi kusema mbele ya watu, niambie unaomba chumvi. Nitajua. Kwetu hakuna anayeomba chumvi."

Chiriku alilitumia neno hilo mara moja, akiwa bado hajamaliza kung'oka meno ya utoto, na mama yake akambeba kutoka nyumba ile bila kuuliza la pili. Baada ya hapo neno lilikaa kimya, kama kifulana cha mtoto kilichosahauliwa chini ya sanduku.

Pasaka hii Mama Uji aliiandaa kwa moyo mzito. Mkwe wake, muuza vipuri vya magari, ndiye aliyepiga simu. "Mama, nimepata duka mji wa mbali. Tunahama wiki hii. Tutakuja kula Pasaka tukuage." Alisema vizuri, kwa sauti laini, kama kawaida yake. Lakini miezi mingi sasa ilikuwa ni sauti hiyo tu. Ukipiga simu ya Chiriku, anapokea yeye. Chiriku anaoga. Chiriku amelala. Chiriku anakusalimu sana. Mama Uji alipomweleza kaka yake, kaka alisema ndoa changa ndivyo ilivyo, wawili hao wanajifungia na dunia yao. Mama Uji alijua ndoa changa ilivyo. Lakini alijua pia kwamba huko mbali Chiriku hana ndugu wala rafiki, na mwanawe akishafika huko, yeye hataweza kumfikia tena.

Akapika, basi, kwa kuwa mikono ikikosa kazi moyo unafanya kazi mbili. Mayai aliyachemsha na maganda ya vitunguu mpaka yakawa mekundu kama tofali. Kurasa za kalenda ya mwaka uliopita alizikata maua, akayafunga kwa uzi dirishani. Kitambaa cheupe cha meza alikitia wanga, akakipiga pasi mpaka kikasimama chenyewe. Kuku wawili waliingia tanurini, viazi vikapondwa na maziwa, mchuzi wa nyama ukachemka polepole, na keki ikapambwa kwa maganda ya chungwa. Kila alipogeuza kitu alisema neno moja na Mungu wake. Kichwani alikuwa na kitambaa, maana jikoni kwake, kazini hata nyumbani, hakuingia mtu kichwa wazi. Hiyo ilikuwa sheria ya jiko la wagonjwa, nywele isianguke chunguni, naye aliileta nyumbani kama wengine wanavyoleta mafua. Kasisi mwenyewe aliwahi kuja kuomba maji ya kunywa akavishwa taulo.

Walifika baada ya ibada, jua likiwa kali. Hodi ya mkwe ilisikika yeye akiwa tayari yuko ndani, anavua viatu.

"Kristo amefufuka, mama."

"Kweli amefufuka. Karibuni, wanangu."

Mama Uji alimtazama binti yake. Chiriku alikuwa amekonda. Alivaa gauni la mikono mirefu, na shingoni amezungushiwa kitambaa kizito cha kijani, kwenye joto lile la kutosha kuivisha unga. Alipomkumbatia, mtoto alivuta pumzi kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Una mafua?"

"Ana koo," mkwe akajibu. "Nimemwambia alifunike."

Wakaketi. Mjomba mtu alikuwa kwenye kile kiti kirefu cha mninga alichokitengeneza mwenyewe, kizito hata hakisogezwi na mtu mmoja. Akaanza vichekesho vyake. "Haya Chiriku, tuambie. Siku hizi umefunga duka la maneno, au bei imepanda?"

Chiriku alitabasamu, akamtazama mumewe kwanza, ndipo akasema, "Nipo tu, mjomba."

"Ametulia," mkwe akasema. "Ndoa inamkuza mtu." Mkono wake ulikuwa nyuma ya kiti cha Chiriku, kidole gumba kikigusa kile kitambaa cha kijani, kikienda na kurudi. Alichagua yai jekundu, akalimenya taratibu, ganda likatoka zima, akaliweka kwenye sahani ya mkewe. "Kula."

Akala.

Mama Uji alisali sala ya chakula. Kuku akapita, viazi vikapita. Mkwe akasifu kila kitu, akasimulia duka jipya, barabara yake ya vumbi, nyumba waliyopata, iko peke yake, mbali na majirani. "Hakuna kelele," akasema. "Mtu akipiga mayowe hasikii yeyote." Akacheka. Mjomba naye akacheka kidogo, kwa kuwa lilimfikia upande wa sikio bovu. Nje mbwa wa jirani alibweka, akaacha ghafla.

Ndipo Chiriku akaweka uma chini.

"Mama," akasema, "naomba chumvi."

Alisema polepole, kama mtu anayeomba chumvi.

Mkwe alichovya kidole kwenye mchuzi wa mkewe, akaonja, akasimama. "Kweli, hauna chumvi. Ngoja nikuletee. Iko wapi, mama?"

Mama Uji alitaka kumnyakua mwanawe pale pale. Lakini alikuwa amelisha wagonjwa wa kila aina, wenye homa, wenye wazimu, wenye ndugu wanaopiga kelele korido nzima, na alijua kwamba sahani inayotetemeka humwagika. Akajifuta mikono.

"Kaa, baba. Jikoni kwangu huingii kichwa wazi."

"Ni hatua mbili tu."

"Hata kasisi nilimvisha taulo. Muulize mjomba."

"Alipendeza," mjomba akasema. "Alifanana na mwari."

Mkwe akacheka, lakini hakuketi. "Basi na yeye akae. Hana kilemba."

"Anacho shingoni," Mama Uji akasema. "Njoo, mwanangu, uniazime macho yako, siku hizi mkebe wa chumvi siuoni."

Chiriku akasimama. Alifika mlango wa jiko, na pale kizingitini mikono yake ikafanya ilivyozoea tangu utotoni, pengine hata bila yeye kuamua. Ikafungua kile kitambaa cha kijani, ikakiinua kichwani, ikakifunga.

Shingo ikabaki wazi.

Alama zilikuwa za vidole, upande huu vinne na upande ule kimoja, nyeusi zikiingia manjano. Mama Uji aliziona. Mjomba, aliyekaa akielekea mlango, akaziona. Kijiko chake kikabaki hewani, na mchuzi ukadondoka kwenye kitambaa cheupe, doa likatanuka taratibu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini nani huwaza nguo yenyewe ni kitambaa cha shingo.

"Rudi mezani," mkwe akasema. Hakuinua sauti.

Mama Uji alimvuta binti yake ndani ya jiko. Nyuma yake alisikia kitu kikiburutwa sakafuni, kizito, kikilalamika. Kilikuwa kile kiti cha mninga. Mjomba alikisukuma, kwa mara ya kwanza peke yake, mpaka mlangoni pa jiko, akakaa juu yake, mikono magotini.

"Mzee, niachie mke wangu."

"Sema tena, baba. Sikio hili halisikii."

"Nimesema niachie mke wangu."

"Na hili lingine limegoma."

Mkwe akageuka. Kisha viatu vikavaliwa, bila haraka. Mlango wa mbele ukafungwa kwa upole, kama unavyofungwa na mgeni mwenye adabu. Mjomba alikwenda akaweka komeo, akarudi kitini pake. Gari likawashwa.

Jikoni, Mama Uji alikuwa ameushika mkebe wa chumvi mkononi bila kujua aliuchukua saa ngapi. "Unaitaka?" akauliza.

"Siitaki, mama."

"Najua."

Chiriku alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, na maneno yakaanza kumtoka, mengi, yamepoteza mpangilio, kama zamani. Mama yake akakaa chini naye, akasikiliza, akimshika miguu. Nje injini ilikuwa bado inanguruma. Ilinguruma mpaka mchuzi ukaganda juu.

Kisha ikazimwa.

"Kaondoka huyo," mjomba akasema, sikio lake bovu likiwa limeelekea barabarani. Mama Uji alimwinulia kidole anyamaze. Yeye na Chiriku walikuwa wamesikia mlango wa gari ukifunguliwa, na viatu vikija juu ya kokoto.

"Hodi," sauti ikasema mlangoni, laini kabisa.

Mama Uji katika maisha yake hakuwahi kuiacha hodi ya mtu bila karibu. Neno lilimjia mpaka kwenye meno, akalirudisha. Akazima jiko, ili hata moto usisikike.

"Hodi."

Chiriku aliushika mkono wa mama yake. Maua ya karatasi yalicheza dirishani, ingawa upepo haukuwepo.

"Hodi, mama."

Mtu muungwana hupiga hodi tatu, asipojibiwa huenda zake. Kila mtoto hufundishwa hivyo. Wakangoja, wote watatu, wakisikiliza viatu vigeuke kwenye kokoto.

Ikaja hodi ya nne.