Dakika Nane za Kusoma

Mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo nilijitolea kufundisha katika shule moja ya msingi mlimani, mbele kidogo ya Olmotonyi. Kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko walimu wote, nilikabidhiwa vishikwambi. Mwalimu mkuu alitaka majaribio ya kusoma ya mtandaoni kwa darasa la nne, ambayo yangempa kila mtoto habari inayolingana na uwezo wake. Nikatengeneza ngazi tatu. Majina yake yalinichukua siku mbili: niliogopa namba, nikaogopa herufi, mwisho nikachagua rangi, bluu, kijani na njano, ili mtoto asijue yuko wapi. Kabla ya mapumziko ya saa nne walishajua. Njano, walitaniana, ni ya chekechea.

Nilichojivunia zaidi ni saa. Niliupanga mfumo hivi: mtoto akizidisha dakika nane kwenye habari moja, inayofuata inakuwa rahisi zaidi. Kwenye kikao nilisimama nikawaambia walimu kwamba majibu mtoto anaweza kubahatisha, lakini muda haudanganyi. Sentensi hiyo nilikuwa nimeifanyia mazoezi mbele ya kioo, nyumbani Moshono. Walinipigia makofi. Mwalimu mkuu akaamua palepale kwamba vitabu vya hadithi, ambavyo vilikuwa vichache, watapeleka nyumbani watoto wa bluu na kijani tu. Wa njano wangesubiri.

Wiki hiyohiyo msichana mmoja alianza bluu, akashuka kijani, akaishia njano. Alikuwa mtoto wa wafugaji, mpole, wa kukaa dirishani. Wiki ya pili nilifungua matokeo yake nikakuta amepata maswali yote. Nikarudi nyuma. Alikuwa amepata yote tangu mwanzo, hata kwenye bluu. Kilichomshusha ni muda peke yake.

Nilielewa nilichokuwa nakiona. Lakini nikajiambia labda ni mtandao, labda anaangalizia, ingawa jirani yake alikuwa anakosa nusu. Nikamwandikia mwalimu mkuu ujumbe, nikaufuta, nikauandika tena, nikaufuta. Niliwaza atanionaje, walimu watasemaje kuhusu yale makofi, kama nitapewa barua nzuri ya kuombea kazi. Katika kuwaza kote huko sikujiuliza hata mara moja mtoto alikuwa anafanya nini ndani ya zile dakika. Mwezi ukapita.

Jumatatu moja alikuja bibi yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na Kiswahili chetu kikaishia hapo. Msichana akaitwa ofisini kutafsiri.

"Koko anauliza kitabu kiko wapi," alisema. Koko ni bibi kwa Kimaa, lugha ya kwao. "Kile cha mama aliyepotelewa na ng'ombe. Tulifika katikati, nikaambiwa nikirudishe."

Mwalimu mkuu alieleza taratibu kwamba kwa sasa vitabu vinakwenda kwa wanaosoma haraka. Kisha akamwinamia mtoto. "Wewe mbona unachelewa, mwanangu?"

Msichana alitazama viatu vyake. "Nikisoma sentensi moja, naisema kwanza kwa Kimaa, moyoni. Ndivyo ninavyomsomea koko. Nikikimbia ananirudisha."

Mwalimu mkuu akanigeukia. Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. "Mwalimu, ulikuwa unajua?"

Nilikuwa na jibu tayari, tena la kweli: sikujua kama anatafsiri. Lilifika mpaka mdomoni. Lakini mtoto alikuwa ameinua uso, ananitazama.

"Nilijua anapata yote," nilisema. "Tangu wiki ya pili."

Mwalimu mkuu akaonyesha kwa kidevu alikokaa bibi. "Basi mwambie mwenyewe."

Nikaanza haraka haraka, kama ninavyofanya nikiogopa, nikichanganya mfumo na mtandao na rangi. Msichana akainua mkono kidogo, kama darasani.

"Mwalimu, moja moja."

Nikasema kwamba nilimweka mjukuu wake mahali pasipo pake. Nikanyamaza, akatafsiri. Nikasema kwamba kosa nililiona mapema. Nikanyamaza. Nikasema kwamba niliogopa aibu, nikamwacha akae hukohuko. Hiyo ya tatu aliitafsiri kwa muda mrefu kuliko zote, na mimi nikasimama nikiisubiri bila kujua ameiongezea nini au amenipunguzia nini. Kimaa sijui hata neno. Hata mama yangu akinisemesha Kichaga huwa namjibu kwa Kiswahili.

Bibi alinitazama, akasema maneno machache tu.

"Anauliza, yule ng'ombe alipatikana?"

Sikujua. Kutoka kwenye kitabu kile nilikuwa nimesoma kurasa tatu tu, zile nilizozitungia maswali. Niliwaambia hivyo pia. Kisha nikaenda kabatini, nikakitoa, nikampa msichana. Alikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo, kama wanavyofundishwa kupokea kitu kutoka kwa mwalimu, na mimi sikujua niangalie wapi.