Usisahau Mkeka

Juzi nilikuwa dukani kwa Mhindi wetu hapa Mbagala, nangoja mafuta ya taa, jirani yangu akaingia na gunia la ufuta. Bwana shamba alikuwapo na debe lake la ufuta, halijafika nusu. Wiki chache nyuma alimcheka: “Bibi, unakata ufuta mbichi? Wacha ukaukie shambani!” Jirani hakusikia, ingawa pesa ya nguo za Idi za wajukuu wake ilikuwa ndani ya ufuta ule. Wa bwana shamba ukakaukia shambani, ukapasuka, ndege wakafuturu.

Mwenye duka alizamisha mkono guniani hadi kiwiko, akanusa. “Safi kabisa, mama.”

Bwana shamba akavua kofia. “Ulifanyaje, bibi?”

“Toa daftari, baba. Majani yakianza umanjano, kata. Funga matita, yasimamishe vichwa juu mpaka yakauke. Kisha yapindue juu ya mkeka, uyapigepige.”

Akaandika, daftari kaliweka juu ya gunia lilelile. Mie shule niliishia mlangoni, lakini siku ile, kwa kujivunia jirani yangu, nilitembea kama mwalimu mkuu. Jirani yangu, asiyejua hata alifu, akamchungulia begani: “Na mkeka umeuandika?”