Litografia Mbele ya Wakwe

Nina kigugumizi, na kazi yangu ina jina refu. Nafanya litografia katika duka la uchapaji hapa Arua: picha inawekwa kwenye bamba la alumini, wino unashika picha tu, karatasi inapita. Kazi yenyewe mikono yangu inaiweza. Jina lake ndilo linalonishinda, linakwama pale kwenye gra.

Mchumba wangu ni mwalimu wa watoto wadogo Koboko. Alinifundisha kama anavyowafundisha wao: vunja neno, kila kipande kofi moja, li-to-gra-fi-a, sauti uiegemeze kwenye fi. Tulifanya hivyo tukiwa wawili tu, nikamwapisha asimwambie mtu. Mwanamume mwenye ndevu kupigiwa makofi kama mtoto wa chekechea, nani anataka hilo lijulikane?

Siku ya kujitambulisha kwao, Ludara, sikuwa na hofu. Mshenga ndiye msemaji, mwoaji hunyamaza, na kunyamaza nakuweza sana. Lakini baba wa mchumba wangu ni wakala wa mizigo pale mpakani Oraba, ameona mihuri ya kughushi mpaka amechoka. Aliposikia mimi ni mchapaji mwenye diploma, alimkatiza mshenga.

“Kijana aseme yeye mwenyewe. Hiyo diploma iko ya nini?”

Nilijua nikibabaika ataniona tapeli, na binti sipewi. Nikasimama. Li ikatoka, to ikatoka. Gra ikagoma. Jasho likanitiririka, shangazi mmoja akaangalia sahani yake kwa huruma. Huruma ya namna hiyo naichukia kuliko kicheko.

Ndipo nikasikia kofi. Mchumba wangu alikuwa ameketi mkekani na dada zake, macho chini kama desturi inavyotaka, na mikono yake inapiga. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini ulimi ukaifuata mikono: gra, fi, a.

Baba yake hakunitazama, alimgeukia yeye.

“Utapigia yeye makofi mpaka lini?”

“Mpaka yeye anasema, baba.”

Mzee akamwambia mshenga aendelee. Nikaketi, masikio yakiwaka moto. Miezi yote ile nilikuwa nimeyaonea haya makofi yake, na yeye hakunionea haya mimi mbele ya ukoo mzima.