Miguu ya Cherehani

Kwa miaka tisa yule mama fundi alikuwa akishona sare za chuo cha urubani, na kila ndege ndogo ilipopita juu ya duka lake alisimamisha cherehani akatoka nje kuitazama. Siku aliyotimiza miaka hamsini na mbili alipeleka chuoni mashati kumi na mawili, akayaweka mezani kwa mkuu wa chuo.

"La kumi na tatu nimejishonea mwenyewe," akasema. "Naanza lini?"

Mkuu alicheka. Mama hakucheka. Wiki iliyofuata akawa mwanafunzi.

Alikabidhiwa kwa Kapteni, mkufunzi mnene na mpole, ambaye suruali zake mama alikuwa amezitanua kiunoni mara tatu. Kabla ya kuruka, uzito wa kila mmoja ulipaswa kuandikwa kwenye fomu. Kapteni akaandika kilo themanini bila kupepesa macho.

"Themanini?" mama akauliza. "Kapteni, kiuno hicho nimekipima mimi."

"Mama, tuendelee."

"Tuendelee wapi? Nife kwa sababu ya haya zako?"

Mizani ikaletwa. Kilo mia moja na nne. Ikabidi mafuta yapunguzwe, na Kapteni akanuna asubuhi nzima.

Shida ya mama ilikuwa miguu. Ardhini ndege huelekezwa kwa pedali mbili, taratibu, lakini miguu yake ilizoea cherehani kwa miaka thelathini. Ikishakanyaga kitu, inapiga mwendo. Ndege ikaenda ikiyumba kama bata anayewahi maji. Watu wa zimamoto wakatoka nje kuangalia.

"Mama, tuliza miguu!"

"Nimeituliza! Hii inajiendea yenyewe!"

Kapteni akampigia simu mume wa mama kuomba ushauri. "Hata usingizini anashona," mume akajibu. "Ungeuona muundi wangu!"

Dawa aliigundua mama mwenyewe: akavua viatu. Akiwa peku alizihisi pedali kama anavyohisi kitambaa kwa vidole, na siku hiyo ndege ikafuata mstari wa katikati mwanzo hadi mwisho.

Mwezi wa tano wa mafunzo, Kapteni akateremka kwenye ndege, akafunga mlango. "Zunguka mara moja, utue."

Bila mzigo ule, ndege iliruka kabla mama hajajiandaa. "Ee Mungu, kumbe yule mtu nilikuwa namburuta!" akapiga kelele, na kwa kuwa kidole kilikuwa kimebonyeza kitufe cha redio, mnara wote wa kuongozea ndege ukamsikia. Aibu ikamsahaulisha woga. Alizunguka, akaliona paa la duka lake, dogo kama kifungo, akacheka peke yake kama mwehu. Alipotua, ndege ilidunda mara mbili, ikatulia.

Kapteni alimpokea akiwa na mkasi mkononi. Marubani wana desturi: anayeruka peke yake mara ya kwanza hukatwa mgongo wa shati, na kipande hutundikwa chuoni. Wanafunzi wakapiga makofi. Mama akatazama jinsi mkasi ulivyoshikwa.

"Ukate shati langu hivyo? Upande upande? Lete hapa."

Akalivua, akabaki na fulana, akalitandaza juu ya bawa, akalinyoosha kwa kiganja na kukata kipande kilichonyooka kama rula. Kapteni akaandika tarehe. Alipotaka kukitundika ukutani, mama akamnyang'anya, akaenda nacho dukani, akakirudisha kesho yake.

Pale ukutani vipo vipande vingi. Chake ndicho pekee chenye pindo.