Mlango wa Pili

Niliusikia mlango kabla sijamwona mke wangu. Ulikwaruza kizingiti na kulia kama ulivyolia tangu siku niliyoutundika. Nilikuwa nimelala ndani ya tembe letu kule Ihumwa, mgongo ukiniuma kwa kazi ya tuta la reli ya Mjerumani. Nilipofumbua macho alikuwa amejitanda, kibuyu cha maji mkononi.

"Wapi?"

"Kondoa. Wachuuzi wa chumvi wameniletea habari, mama hajiwezi. Wananingoja."

"Bila kuniambia?"

"Ulikuwa unakoroma, bwana. Ningemwambia nani?"

Nikaunyoshea mlango kidole. "Wallahi, ukitoka kwa mlango huu, umeachika. Talaka tatu!"

Akaketi chini palepale. Mimi nikakimbilia kwa mwalimu aliyetusomesha Kurani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Umeua?"

"Nimeapa."

"Afadhali ungevunjika mguu."

Nikamweleza kiapo, akanirudisha neno kwa neno. Nilisema nyumba au mlango? Mlango. Upi? Huu. Nilikusudia asimwone mama yake?

"Hapana! Niliuchukia ule mlango na kelele zake."

"Basi ipo hila. Atoke kwa mlango mwingine."

Nikaona aibu. Kwetu hila ni ya fisi, mwizi wa usiku.

"Hila ya mwizi humlia mtu haki yake," akasema. "Hila ya sheria humrudishia. Mama mgonjwa ana haki kwa bintiye, na kiapo chako kimekaa njiani. Mungu hadanganyiki, mwanangu. Hapa anayetafutiwa njia ni wewe."

Nilipomweleza mke wangu, aliutazama ukuta wa nyuma. "Huu ni udongo tu," akasema, akashika jembe kabla yangu.

Vumbi lilimleta jirani yetu, bibi wa Kigogo. "Mmeona hazina?"

"Tunatafuta mlango, bibi."

"Si huo hapo, umeachama?"

"Huo nimeuapia."

Alicheka hadi akaushika ukuta. "Nyie watu wa Kondoa! Sisi tukikosana, mume anapeleka mbuzi ukweni, yamekwisha."

Mwanga ulipopenya, nami nikiwa na pupa ya kumaliza, nikaanza kuung'oa ubao wa mlango wa zamani niuhamishie kwenye tundu jipya. Mke wangu akanirukia mkono.

"Acha! Uliapia tundu au ubao?"

Sikujua. Nikauachia ubao, nilikuwa karibu kumwacha kwa mikono yangu mwenyewe. Bibi akaenda kwake, akarudi na ngozi kavu ya ng'ombe aliyokuwa akiilalia. Tukaiwamba kwenye fito, tukaitundika kwa kamba.

Alasiri, wachuuzi wakiita, mke wangu aliinama akapita. Nilimwona upande wa pili, kamili, jua likimwaka mabegani, nikatamani kupiga vigelegele.

"Bado mke wangu?" nikauliza.

"Mke wako. Na nikirudi nikute ule wa kelele umeuziba."

Akaivuta ngozi nyuma yake. Mlango ukafungwa, haukulia.