Sefako Bila Viatu

Kwenye bomba la maji Mama Khauta alinisogelea mpaka ndoo zetu zikagongana.

"Umesikia, Mama Lineo? Yule mjane amemng'oa farasi viatu. Anamlemaza makusudi, shemeji yake asije akampata akiwa mzima."

Mjane mwenyewe ni Mama Thuso, jirani yangu ukuta kwa ukuta. Farasi ni Sefako. Alikuwa wa mashindano huko bondeni, na alipochoka marehemu mumewe alimnunua akamleta huku kwetu milimani. Matanga yalipokwisha tu, Tšeliso, shemeji yake Mama Thuso, akaanza kumtaka farasi huyo. Alitaka amvishe viatu vipya vya chuma, amrudishe mbioni.

Siku viatu vilipotolewa mimi nilikuwa nikinyonyesha mlangoni, nikaona yote. Kwato za Sefako zilikuwa zimejaa matundu ya misumari, pembeni zinamomonyoka kama mkate mkavu. Mama Thuso alivitoa vile viatu, na siku hiyohiyo akampitisha kwenye mawe, kama tunavyofanya na farasi wetu waliozaliwa hapa. Sefako akasimama katikati ya njia anatetemeka, anainua mguu huu, anautua, anainua ule. Watu walicheka sana. Mama Thuso akamkumbatia shingo, akamrudisha polepole kwenye majani.

"Nimekosea mimi, si yeye," aliniambia. "Huyo mwanao ungemvua soksi leo ukamtuma kuni leo?"

Tangu hapo, kila asubuhi alimtembeza kwenye majani laini kando ya mto. Baadaye akabeba mchanga kwa beseni, akaumwaga pale Sefako anapokunywa maji, azoee kuukanyaga. Mchanga ukafuatwa na kokoto. Ukingo wa kwato ukichanika, aliusugua kwa tupa, kidogo tu, mguu wa farasi ukiwa juu ya goti lake. Kwato mpya ikawa inashuka kutoka juu, ngumu, haina tundu. Theluji ikaja ikaenda. Watu wakachoka kucheka.

Tšeliso hakuchoka. Jana alikuja na viatu ndani ya gunia, vinalia.

"Shemeji, huyu si mbuzi. Mwanamke anajua nini kuhusu kwato?"

"Mimi nazishika kila siku. Wewe ulizishika lini?"

"Haya! Kesho wanaume wote tuko kwenye banda la kukatia kondoo manyoya. Mlete kwa njia ya mawe. Akichechemea tu, naondoka naye."

"Na asipochechemea?"

"Kaa naye mpaka mzeeke nyote wawili!"

"Umesema mwenyewe. Mama Lineo amesikia."

Nikainamia chungu changu, nikakoroga.

Leo asubuhi nilimkuta Mama Thuso anamsugua Sefako mgongo, blanketi lake amelifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima. Nikamuuliza kama haogopi.

"Naogopa. Lakini viatu havivai tena." Akanitazama. "Nikimwongoza mimi, siioni miguu yake. Nataka nitembee nyuma. Akianza kuumia nitamsimamisha mwenyewe, mbele yao hao hao, hata kama ndiyo nampoteza."

Akanyoosha mkono wenye kamba.

"Mwanamke kuongoza farasi mbele ya wanaume, najua watakavyosema. Waache waseme. Mfunge mtoto vizuri mgongoni, dada yangu, uniongozee Sefako."